Filamu mbili za PET, ufuwele uleule, lakini moja inanywea kupindukia. Kwa nini?

#1 Kibano_Moto
Salamu wakuu. Nina vipande viwili vya filamu ya PET (plastiki ya chupa za maji), unene mikroni 50, resini ileile, mapishi yaleyale. Imevutwa mara 3.4 kwa urefu kwenye rola za nyuzi 90 za Selsiasi, ikavutwa mara 3.7 kwa upana ndani ya tenta (oveni ndefu yenye reli za vibano vinavyopanua filamu) kwa nyuzi 110, kisha ikakaziwa kwa joto huku kingo zimeshikwa na vibano, hewa ya oveni ikiwa nyuzi 215.

Kipande A kikiachwa huru kwa nyuzi 150 kwa dakika 30, kinanywea asilimia 1.1 kwa urefu na 0.3 kwa upana. Kipande B: 2.9 kwa urefu, 3.4 kwa upana. Nikavipeleka kwenye DSC, mashine inayopima joto ambalo sampuli inanyonya ikipashwa: kuyeyuka kwa A ni 57 J/g, kwa B ni 55. Ukigawa kwa 140, ambayo ni ya PET iliyo fuwele tupu, unapata asilimia 41 na 39. Hapo tofauti iko wapi? Kama fuwele ndizo zinazoizuia filamu isirudi ilikotoka, B anatoa wapi nguvu ya kunywea hivyo?

#2 Mnyororo_Mrefu
Swali zuri, ila umeanzia mlango wa nyuma. Fuwele hazivuti. Kinachovuta ni minyororo iliyo katikati ya fuwele, ile sehemu ya amofasi, isiyo na mpangilio. Ulipoinyosha filamu juu ya nyuzi 78 hivi, minyororo iliyokuwa imejiviringa ikanyooka, ukaipoza ikagandia humohumo. Ukiirudisha juu ya halijoto hiyo, inataka kujiviringa tena. Ni entropia tu, yaani mvuto wa kurudi kwenye fujo. Kwa hiyo usiulize fuwele ni asilimia ngapi, uliza minyororo ya amofasi imenyooka kiasi gani. Vitu viwili hivyo havilazimiki kwenda pamoja.

#3 Mpita_Njia
Nimeingia mbio nikidhani ni filamu za sinema. Natoka taratibu.

#4 RolaTatu
Mpita_Njia kaa hapohapo, hii ina kisa kuzidi sinema.

Kibano, umesema "mapishi yaleyale" lakini hukutaja mwendo wa mashine. A na B zimepita kwa kasi moja?

#5 Kibano_Moto
Nimekamatwa. A ni mita 60 kwa dakika, B ni mita 90. Vingine vyote havikuguswa.

#6 RolaTatu
Basi hayo si mapishi yaleyale, mkuu. Eneo la kukazia lina urefu gani? Tuseme mita 6. A inakaa humo sekunde 6, B sekunde 4. Hizo 215 ulizoandika ni za hewa. Filamu yenyewe haijui umeandika nini kwenye paneli.

#7 Kibano_Moto
Ni mita 6 kweli.

#8 Namba_Kwanza
RolaTatu, hoja inapendeza lakini hesabu haikubali. Filamu ya mikroni 50 inabeba joto dogo mno: 1390 × 1700 × 0.00005 (msongamano, joto mahususi, unene), takriban J 120 kwa mita ya mraba kwa kila digrii. Hewa inayopulizwa na midomo ya oveni nzuri inapitisha karibu W 100 kwa mita ya mraba kwa digrii kila upande, jumla 200. Gawa: sekunde 0.6, muda wa pengo la joto kushuka hadi kama theluthi moja. Ndani ya sekunde 4 umepita vipindi zaidi ya sita vya namna hiyo, na pengo lililobaki halifiki nusu digrii. Filamu zote mbili zimefika 215.

#9 RolaTatu
Hizo 100 umezitoa kwenye oveni mpya. Midomo ikizibwa na vumbi la oligoma (minyororo mifupi inayovuka kutoka kwenye filamu), au feni ikichoka, weka 30 kila upande. Jumla 60, kipindi kinakuwa sekunde 2. Filamu inaingia na nyuzi 110, pengo ni 105. Baada ya sekunde 6 imebaki asilimia 5 ya pengo, yaani A imefika kama 210. Baada ya sekunde 4 imebaki asilimia 13.5, yaani B imefika 201. Mapishi yaleyale, keki mbili.

Kibano, rudi kwenye mchoro wa DSC, mzunguko wa kwanza wa kupasha, sio wa pili (wa pili unafuta historia yote). Kabla ya mlima mkubwa wa nyuzi 250 na kitu, kuna kilima kidogo?

#10 Kibano_Moto
Kipo! Nilidhani ni kelele za mashine. A kiko 214, B kiko 203.

#11 RolaTatu
Hicho ndicho kumbukumbu ya oveni. Fuwele ndogondogo za pembeni zilizoundwa wakati wa kukaza huyeyuka juu kidogo ya halijoto iliyoziunda. Filamu inajishuhudia yenyewe.

#12 Bi_Lamela
Taratibu kidogo, kaka RolaTatu. Kilima hicho kinapanda kwa halijoto NA kwa muda. Ukiikaza filamu kwa 210 kamili kwa sekunde 4, halafu nyingine kwa 210 hiyohiyo kwa sekunde 60, ya pili itaonyesha kilima juu zaidi. Sekunde 4 dhidi ya 6 haziwezi kuleta digrii 11 zote, nakubali, lakini usisome 203 kama kipimajoto. Na inategemea pia DSC ilipashwa kwa kasi gani. Kwa digrii 20 kwa dakika kilima kinahama.

Jambo la pili, na hili ndilo zito: ule "ufuwele uleule" wenyewe siuamini. DSC inapopasha kwa digrii 10 kwa dakika, inaipa filamu dakika nyingi za kujipanga upya njiani. Fuwele dhaifu za B zinayeyuka, zinajenga upya, zinanenepa. Ukifika 250 unapima fuwele zilizojengwa na mashine yako, si zilizotoka kiwandani. Pima msongamano.

#13 Mnyororo_Mrefu
Hapo Bi Lamela kasema. Kibano, una safu ya msongamano, lile bomba la kimiminika kinachozidi kuwa kizito kuelekea chini?

#14 Kibano_Moto
Ipo ya nitrati ya kalisi na maji. Nipeni siku mbili.

#15 Bi_Lamela
Kata vipande vya milimita 3, vitumbukize kwanza kwenye kimiminika chepesi cha juu ya safu, uvitoe mapovu kwa pampu ya utupu. Povu moja lisiloonekana likiganda ukingoni linakushushia msongamano na utatangaza ugunduzi ambao haupo. Vipande vitano kwa kila sampuli, soma baada ya saa kadhaa, sio dakika tano.

#16 Fundi_Mpira
Wakati tunasubiri: anayetaka kuona hoja ya #2 kwa macho, au tuseme kwa midomo, achukue utepe wa mpira mpana, auvute ghafla na kuugusisha mdomoni: umepata joto. Asubiri upoe ukiwa umevutwa, auachie, auguse tena: umekuwa baridi. Halafu aning'inize uzito mdogo kwenye mpira uliovutwa na aupashe joto: uzito UNAPANDA. Chuma kingerefuka, mpira unafupika. Gough aliliandika mwaka 1805, Joule akaja kulipima sawasawa 1859. Filamu ya PET iliyogandishwa ikiwa imevutwa ni mpira uliolala usingizi. Nyuzi 80 ni saa ya kuuamsha.

#17 Shingo_Nyembamba
Fundi, mfano unapendeza lakini unapotosha mahali pamoja. Mpira una vifundo vya kudumu, ndiyo maana unarudi wote. PET vifundo vyake ni msokotano wa minyororo, na fuwele zilizozaliwa katikati ya kuvuta. Ukivuta polepole kwenye nyuzi 110 au 120 na filamu haijapata fuwele, minyororo inateleza na kufunguka. Unapata urefu mara nne bila mpangilio wowote, na ukiipasha hainywei kitu. Kurefuka na kupangika si ndugu wa tumbo moja.

Na hapo kuna maelezo mengine ya B ambayo RolaTatu ameyaruka. Mwendo ulipopanda kutoka 60 hadi 90, kasi ya kuvuta nayo imepanda mara 1.5, kwa urefu na kwa upana, maana nafasi kati ya rola haikubadilika wala urefu wa eneo la kupanulia. Minyororo imepata muda mfupi wa kulegea. Amofasi ya B imenyooka zaidi tangu mwanzo. Huhitaji oveni mbovu.

#18 Namba_Kwanza
Hiyo naipenda. Inaitetea hesabu yangu.

#19 RolaTatu
Unaipenda kwa sababu inakutetea, si kwa sababu ni kweli 😄 Filamu ikivutwa kwa kasi zaidi inapata fuwele zaidi palepale, na hizo ndizo zinazofunga minyororo. Kwa hoja yako B ingekuwa tulivu zaidi.

#20 Shingo_Nyembamba
Hapana. Inapata vijifuwele vingi vidogo, vya nanomita chache, na kati yake minyororo iliyokazwa kama kamba ya nguo. Vingi haimaanishi imara. Fuwele kubwa iliyokomaa inahitaji joto na muda, na muda ndio B aliokosa.

#21 RolaTatu
Muda na joto. Yaani oveni. Karibu nyumbani.

#22 Mpita_Njia
Bado nipo. Swali la asiyejua: kwa nini chupa ya PET nikiipasha, shingo inakuwa nyeupe kama chaki na tumbo linajikunja lakini linabaki angavu? Si ni plastiki ileile?

#23 Bi_Lamela
Mpita_Njia, hilo ni jaribio zuri kuliko mengi ya maabara. Shingo haikuvutwa wakati wa kupuliza chupa, ni amofasi tupu. Kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika kumi hivi, fuwele zinaota zenyewe kuanzia kwenye vitovu na kutanda pande zote kama maua: sferuliti, zenye ukubwa wa mikroni. Mwanga unagongana nazo unatawanyika, unaona weupe. PET huota fuwele kwa kasi kubwa zaidi kati ya nyuzi 170 na 180.

Tumbo lilivutwa pande mbili. Fuwele zake zilizaliwa kwenye minyororo iliyokwisha nyooka, ni ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga, na zimejaa kiasi kwamba sferuliti haina nafasi ya kutanda. Linanywea kwa sababu halikukaziwa kwa joto la kutosha, lakini halina cha kuliletea weupe.

#24 Shingo_Nyembamba
Ongeza: kuna weupe wa aina ya pili, msichanganye. Filamu ikivutwa ikiwa baridi mno, inapata shingo, halafu vitobo vidogo vinafunguka ndani yake na inakuwa nyeupe kama lulu. Kuzitofautisha ni rahisi. Weupe wa sferuliti unapandisha msongamano, weupe wa vitobo unaushusha, unaweza hata kwenda chini ya gramu 1.335 kwa sentimita ya ujazo, ya amofasi. Kipande kikikimbilia juu kwenye safu, usitafute fuwele humo.

Kwa polipropilini wapo wanaovitaka hivyo vitobo makusudi: wanaotengeneza utando wa kutenganisha pande mbili za betri. Wanaanza na filamu ambayo lamela zake (bamba nyembamba za fuwele) zimejipanga safu kama sahani kabatini, wanaipumzisha kwa joto chini ya kuyeyuka ili lamela zinenepe, wanaivuta kidogo ikiwa BARIDI ili lamela ziachane, kisha wanaivuta kwa joto kupanua nafasi. Geuza mpangilio, anza na joto, lamela zinateleza badala ya kuachana na unapata filamu nzuri isiyo na tundu hata moja.

#25 Fundi_Mpira
Na PVDF, plastiki nyingine yenye florini, mnaisahau. Fuwele zake za kawaida ni za umbo la alfa, hazina faida ya umeme. Ivute mara 4 au 5 karibu na nyuzi 80, alfa inageuka beta, minyororo inanyooka, na ukiiwekea volti kubwa unapata filamu inayotoa umeme ikibonyezwa. Kawai alilionyesha mwaka 1969. Ivute kwa 130 na alfa nyingi inabaki alfa, kwa sababu fuwele ni laini mno, hazilazimiki kugeuka.

#26 Neno_Moja
Naomba kuuliza kama mlinzi wa lugha: uzi huu una nyuzi 215, una nyuzinyuzi za polima, na wenyewe ni uzi. Mgeni akisoma "vuta uzi nyuzi 90" ataelewa nini?

#27 Mnyororo_Mrefu
Ataelewa kuwa Kiswahili nacho kina msokotano wa minyororo.

#28 Kibano_Moto
Nimerudi na msongamano. Vipande vitano kila upande, vimetolewa mapovu. A: 1.398. B: 1.391. Kwa amofasi 1.335 na fuwele 1.455, A ni asilimia 52.5, B ni 46.7. Bi Lamela, tofauti imeonekana, karibu pointi sita. Asante sana.

#29 Namba_Kwanza
Hizo ni kwa ujazo. DSC inatoa kwa uzito. Zidisha kwa 1.455 kisha gawa kwa msongamano wa sampuli: A 54.6, B 48.8. Usilinganishe embe na ukwaju.

#30 Bi_Lamela
Asante kwa masahihisho. Hata hivyo nami nijipinge kidogo kabla hamjanipigia makofi: hiyo 1.335 ni ya amofasi isiyovutwa. Amofasi iliyonyooshwa inajipanga kwa kubanana zaidi, msongamano wake uko juu. Kwa hiyo hizi asilimia zimevimba, na B, ambayo tunashuku amofasi yake imenyooka zaidi, imevimba zaidi. Tofauti halisi huenda inazidi pointi sita.

#31 Mnyororo_Mrefu
Na bado haielezi kunywea kwa upana mara kumi na moja. Pointi sita za fuwele haziwezi kubeba mzigo huo peke yake. Nadhani tugawe filamu sehemu tatu, si mbili: fuwele, amofasi huru, na amofasi iliyokamatwa na fuwele kando yake. Ya tatu haiamki kwenye nyuzi 78, inaamka juu ya hapo, kidogokidogo. Kibano, pima kupanda kwa joto mahususi kwenye mpito wa kioo, pale amofasi inapolegea. PET ya amofasi tupu inapanda karibu 0.40 J kwa gramu kwa digrii. B ikipanda 0.10, amofasi huru ni robo tu. Toa fuwele, kinachobaki ndicho kilichokamatwa, na kwa kukisia kwangu hicho ndicho kinachonywea kwa 150.

#32 Shingo_Nyembamba
Kwenye filamu iliyovutwa mpito huo unalala kama kilima cha mchanga, hutajua unaanzia wapi. DSC ya kawaida itakudanganya, inatakiwa ile ya kupasha kwa mawimbi. Na sampuli ijazwe vizuri chini ya sahani, filamu nyembamba hupinda ikinywea, inaacha kugusa, unaona "matukio" ambayo ni sampuli inajinyanyua tu.

#33 Oveni_ya_Pembeni
Nasoma tangu juzi, hakuna aliyeuliza vipande vimekatwa WAPI. Katikati ya filamu au ukingoni? Kwenye tenta vibano vinashika kingo, katikati inabaki nyuma. Ukichora mstari ulionyooka kabla ya oveni unatoka umepinda kama upinde. Ukingoni minyororo imelala mshazari. Ukikata mraba kufuata mwelekeo wa mashine na kupima urefu na upana, unakosa mnyweo mkubwa unaopita kwenye ulalo.

Dawa: kata DUARA la milimita 100, sio mraba. Chora mshale wa mashine, paka talki lisigande, lilaze huru kwenye trei, 150, dakika 30, lipoe hadi 23. Linatoka yai. Pima kipenyo kirefu na kifupi, na pembe ya yai dhidi ya mshale. Pembe hiyo ndiyo mlalo wa minyororo.

#34 Namba_Kwanza
Na kama mlining'iniza kwa kibano, uzito wa kibano ni nini? Kwenye PET laini ya nyuzi 150, gramu kadhaa kwenye kipande chembamba zinakula sehemu ya mnyweo.

#35 Kibano_Moto
Trei na talki, hakuna kibano. Ila Oveni_ya_Pembeni amenipata: A imekatwa katikati, B sentimita 15 kutoka ukingoni. Sikuona kama ni muhimu.

#36 RolaTatu
Ee!

#37 Mpita_Njia
Nilisema hii sinema.

#38 Shingo_Nyembamba
Msimsulubu. Kilima cha 203 dhidi ya 214 hakitokani na upinde wa tenta. Oveni nyingi kingo ziko baridi kuliko katikati, vibano vyenyewe vinanyonya joto, lakini sentimita 15 ni mbali na kibano. Kata B nyingine, katikati.

#39 Kibano_Moto
Nimekata duara katikati kwenye B, na jingine palepale pembeni. La katikati: urefu 2.7, upana 2.6, yai limelala karibu sawa na mshale. La pembeni: yai limegeuka digrii 24, kipenyo kilichonywea zaidi ni asilimia 4.4.

Halafu nikafanya la ziada. B ya katikati nikaibana pande nne kwenye fremu ya chuma, nikaiweka 210 kwa sekunde 10, nikaipoza bado imebanwa, nikapima upya. Urefu umeshuka kutoka 2.7 hadi 1.3. Upana umeshuka kutoka 2.6 hadi 1.9 tu.

#40 RolaTatu
Urefu umenipa haki. Sekunde kumi za ziada za joto la kweli na B inakaribia A.

#41 Mnyororo_Mrefu
Na upana umekunyang'anya. A ilikuwa 0.3. Mbona 1.9 haishuki?

#42 Oveni_ya_Pembeni
Kwa sababu fremu haisogei. Kwenye tenta, reli za zoni ya mwisho husogeleana kidogo ili upana ulegee filamu ikiwa bado moto. Urefu hauna bahati hiyo. Kibano, reli zilisogea kiasi gani kwa A?

#43 Kibano_Moto
Asilimia 3, kwa A na kwa B. Hazikuguswa.

#44 Oveni_ya_Pembeni
Zoni hiyo ya kulegeza, hewa yake nyuzi ngapi? Na filamu ilikuwa imetanda au inaning'inia kama tumbo katikati?

#45 Kibano_Moto
180. Kwa B ilikuwa inaning'inia kidogo. Tulidhani ni upepo wa feni.

#46 Namba_Kwanza
Ikining'inia maana yake reli zimesogea lakini filamu haikunywea kuzifuata. Ule ulegevu haukuingia kwenye minyororo, umeishia kwenye mkunjo.

#47 Shingo_Nyembamba
Filamu ambayo amofasi yake imekazwa zaidi, kama ninavyodai, ingezifuata reli haraka zaidi, si polepole. Hapo hoja yangu inayumba, nakiri. Labda tu kama haikuwa moto vya kutosha.

#48 RolaTatu
"Kama haikuwa moto vya kutosha." Naichapa na kuitundika ukutani.

#49 Bi_Lamela
Usitundike bado. Kibano, endesha kwa 90 ukipandisha hewa ya kukazia hadi 225, kulegeza kubaki 180. Kisha rudisha 215 na upandishe kulegeza peke yake hadi 200. Duara za katikati tu, tano kila moja, na kilima cha DSC kwa kila moja. Zote mbili zikishusha upana, mimi na RolaTatu tutagombana upya.